Waya Njiani: Historia ya Wizi na Ulinzi wa Nyaya za Mawasiliano Afrika Mashariki

Kampuni ya Eastern and South African Telegraph ililaza kebo ya simu chini ya bahari kutoka Aden hadi Zanzibar mwaka 1879, kisha ikaiendeleza kusini hadi Msumbiji na Durban. Karibu mwaka 1890 matawi mafupi yaliunganisha Zanzibar na Mombasa, Bagamoyo na Dar es Salaam. Hivyo waya wa mawasiliano uliingia katika nchi ambayo tayari ilikuwa ikiujua waya kwa kazi nyingine. Misafara iliyotoka pwani kwenda bara ilibeba bidhaa kuu za aina tatu: nguo, shanga na waya. Waya mnene wa shaba, ambao wafanyabiashara waliuita masango, ulikunjwa mizunguko mizito, ukatundikwa kwenye ncha mbili za mzegazega, na mpagazi akauweka begani kwa safari ya miezi mitatu hadi Unyamwezi. Mwendo wote huo waya ulipungua kidogo kidogo, kwa kuwa ndio uliolipia hongo (ushuru wa kupita) kwa watemi, chakula cha wapagazi na, mwisho wa safari, pembe za ndovu.

Bara, waya haukuwa pambo tu. Mafundi wa Kikamba waliusokota mikufu myembamba na kuupachika kwenye viti vya mbao kwa ustadi ambao bado unasifiwa. Wanawake wa Kimaasai walivaa mizunguko yake mikononi na miguuni, na uzito wa mizunguko hiyo ulitangaza mali ya nyumba. Magharibi ya Ziwa Tanganyika, Msiri, mfanyabiashara mwenye asili ya Unyamwezi, alijenga dola yake huko Katanga juu ya shaba ya nchi hiyo, na mafundi wake Wayeke waliivuta shaba iwe waya mwembamba wa bangili. Huo ulikuwa uchumi kamili, wenye mafundi, bei na njia zake, na waya ulifanya kazi ambayo fedha ya sarafu haikuwa bado imeanza kuifanya. Bila kulijua hilo, hakuna anayeweza kuelewa yaliyofuata serikali za kikoloni zilipoanza kuutandaza waya huohuo juu ya nguzo, maili kwa maili, porini, bila mlinzi.

Laini za kwanza za nchi kavu zilifuata pwani. Wajerumani waliunganisha Dar es Salaam na miji ya kaskazini hadi Tanga katika miaka ya 1890, na upande wa Waingereza laini kubwa iliambatana na Reli ya Uganda, iliyoanza kujengwa Mombasa mwaka 1896, ikafika Nairobi 1899 na ukingo wa Ziwa Viktoria mwezi Desemba 1901. Maadui wa awali wa nyaya hizo walikuwa wa kimaumbile. Mchwa walikula nguzo za mbao, tembo walijikuna kwenye nguzo zikaanguka, na twiga walikata waya kwa shingo zao wakipita. Nguzo za chuma zilitibu tatizo la mchwa, na nguzo ndefu zaidi zikapunguza lile la twiga. Kwa wanadamu dawa haikupatikana kwa urahisi huo.

Mgogoro mkubwa kuliko yote ulizuka katika nchi ya Wanandi. Reli na laini ya simu zilipita kusini mwa nchi yao, kando ya bonde la Nyando, bila kuwaomba ruhusa wala kuwapa chochote. Vijana wa Kinandi walianza kuchukua waya kwa ajili ya mapambo, na misumari na bolti za reli kwa ajili ya silaha. Mwaka 1900 serikali ya Himaya ya Uganda, ambayo nchi hiyo ilikuwa chini yake hadi 1902, ilituma kikosi cha kuwaadhibu. Kilikuwa kimoja tu kati ya vikosi vitano vilivyotumwa dhidi yao kati ya 1895 na 1906. Baada ya kila kikosi Wanandi walitozwa ng'ombe na mbuzi, na baada ya muda waya ulianza kupotea tena.

Kwenye ripoti za serikali mambo yote hayo yaliandikwa kwa neno moja, wizi. Ukweli ulikuwa mpana zaidi. Wapo waliochukua waya kwa sababu ulikuwa mali iliyotelekezwa njiani, na wapo waliojua vyema kwamba laini hiyo ndiyo iliyoita askari. Kwa viongozi waliomzunguka Koitalel arap Samoei, orkoiyot (kiongozi wa kiroho) wa Wanandi, kukata waya kulikuwa sehemu ya kuilinda nchi yao, na hakustahili kuwekwa katika fungu moja na kuiba kuku wa jirani. Hata Sir Charles Eliot, aliyekuwa Kamishna wa Himaya ya Afrika Mashariki (Kenya ya baadaye) kuanzia 1900 hadi 1904, alikiri kwamba kama reli za Ulaya zingetengenezwa kwa vitu ambavyo Wazungu wenyewe wanavitamani, nao wangeviiba. Kukiri huko hakukubadili siasa. Tarehe 19 Oktoba 1905 Koitalel aliuawa na Richard Meinertzhagen, ofisa wa jeshi la Waingereza, katika mkutano ulioitwa wa amani, na vita vilivyofuata vikawaondoa Wanandi katika sehemu ya nchi yao iliyokuwa karibu na reli. Huo ndio ulinzi wa kwanza wa mtandao wa mawasiliano katika eneo hili uliofikia lengo lake, na gharama yake ilikuwa watu kuhamishwa kutoka kwenye ardhi yao.

Kwingineko serikali zilitumia njia tatu, zote zikiwa na mapungufu. Ya kwanza ilikuwa kumbebesha jumbe au chifu wajibu wa kipande cha laini kilichopita kwake: waya ukikatika, yeye ndiye aliyeulizwa. Ya pili ilikuwa adhabu ya pamoja, iliyopewa nguvu rasmi katika Himaya ya Afrika Mashariki kwa sheria ya mwaka 1909, ambayo iliruhusu kijiji au kabila zima kutozwa faini kwa kosa ambalo mtendaji wake hakujulikana. Faini ya namna hiyo ilirahisisha kazi ya ofisa wa wilaya, lakini ilimfunza mwanakijiji kwamba kuiheshimu laini na kutoiheshimu kuna malipo yaleyale. Njia ya tatu ilikuwa ya kiufundi, yaani kutumia waya wa chuma uliopakwa zinki badala ya shaba. Chuma hupitisha umeme takriban mara sita chini ya shaba, lakini kwa alama za simu za nukta na vistari kilitosha, kilikuwa imara kati ya nguzo na nguzo, na sonara hakukitaka sana.

Laini ndefu kuliko zote zilizotarajiwa ilikuwa ile ya Cecil Rhodes, tajiri na mwanasiasa Mwingereza aliyetaka waya mmoja kutoka Rasi ya Tumaini Jema hadi Cairo. Mwaka 1899 alikwenda Berlin kupata ruhusa ya kuupitisha katika Afrika Mashariki ya Kijerumani. Laini ilipanda kutoka kusini kupitia Nyasa hadi Ujiji, ikakomea hapo. Matengenezo yake yalikuwa mzigo usiokwisha: miti, mchwa, tembo na watu wenye matumizi yao ya waya. Katika Vita vya Kwanza vya Dunia ukataji wa nyaya uligeuka kuwa kazi rasmi ya majeshi yenyewe. Tarehe 8 Agosti 1914 manowari ya Kiingereza ilipiga mizinga Dar es Salaam kwa ajili ya mnara wa simu ya upepo, na askari wa Kijerumani nao wakavamia Reli ya Uganda mara nyingi.

Baada ya vita hivyo wizi wa waya kwa ajili ya mapambo ulififia. Vituo vya polisi viliongezeka, lakini sababu yenye uzito zaidi ni kwamba waya wenyewe uliporomoka thamani. Duka la Mhindi liliuza waya na bangili kwa senti chache, sarafu ikachukua nafasi ya masango katika mahari na biashara, na vijana waliorudi kutoka mashambani na mijini walitaka nguo, blanketi na baiskeli. Soko lilifanya kimya kimya kazi ambayo bunduki na faini havikuweza kuikamilisha, na katika historia hii hilo litajirudia kwa sura ya kinyume.

Simu ya sauti ilileta shaba tena. Sauti hufifia haraka kwenye waya wa chuma, kwa hiyo mitandao ya miji ilijengwa kwa jozi za shaba, kila mteja na jozi yake. Kutoka kwenye jengo la mitambo kebo kuu zenye mamia ya jozi zilipita chini ya barabara, ndani ya mabomba na mashimo ya saruji, hadi kwenye makabati ya chuma pembezoni mwa mitaa. Hapo ziligawanywa katika kebo ndogo, kisha nguzo, kisha nyumba. Kebo za zamani zilivikwa risasi, za baadaye plastiki. Kebo kuu nyingi zilijazwa hewa kavu kwa shinikizo ili kuzuia maji yasiingie, na faida ya pili ikawa ulinzi: mtu akiitoboa au kuikata, shinikizo hushuka na taa huwaka kwa fundi wa zamu. Ni ufundi wa kupendeza, na kwa miaka mingi ulitosha.

Mtandao huo ulirithiwa na Shirika la Posta na Simu la Afrika Mashariki, lililoendeshwa kwa pamoja na Kenya, Tanzania na Uganda hadi Jumuiya ya Afrika Mashariki ilipovunjika mwaka 1977, kila nchi ikaunda shirika lake. Wakati huohuo safari za mbali za sauti zilianza kuacha waya. Kituo cha satelaiti cha Longonot, karibu na Naivasha, kilifunguliwa mwaka 1970, na minara ya maikrowevu ikachukua mazungumzo kati ya mji na mji. Shaba iliyobaki ilikuwa ya mitaani, kati ya jengo la mitambo na mlango wa mteja. Huko ndiko wizi mpya ulikokuja kutia mizizi.

Wimbi la pili la wizi lina chanzo kinachoweza kusomwa kwenye bei. Mwanzoni mwa miaka ya 2000 tani ya shaba katika soko la London iliuzwa kwa dola chini ya 2,000. Ujenzi wa viwanda na miji ya China ulipopamba moto, bei ilipanda hadi zaidi ya dola 8,000 mwezi Mei 2006, ikaanguka kwa muda wakati wa msukosuko wa fedha wa 2008, kisha ikavuka dola 10,000 mwaka 2011 na tena mwaka 2021. Waya uliokuwa ukining'inia juu ya mtaa tangu enzi ya Jumuiya uligeuka kuwa mali yenye bei ya dunia, na kila mwenye ngazi na msumeno akawa na njia ya kuifikia.

Mnyororo wa biashara hiyo ni mfupi, nao haujabadilika sana. Mkataji hufanya kazi usiku, mara nyingi watu wawili au watatu, wakianza na kebo zilizo kwenye nguzo au mashimo yenye mifuniko mepesi. Kebo hukatwa vipande, hupelekwa jalalani au kichakani, na plastiki yake huchomwa ili kopa, yaani shaba, ibaki. Moshi mzito mweusi wa moto huo ndio umewafikisha wengi mikononi mwa polisi. Alfajiri mzigo unafika kwa mwenye mizani, ambaye hununua kwa kilo bila kuuliza. Kutoka kwake unakwenda kwa dalali mkubwa, ukichanganywa na mabomba, mota na radieta halali, na mwisho unaingia kwenye kontena linaloelekea bandarini. Mkataji hupata sehemu ndogo kabisa ya thamani ya shaba. Shirika la simu hupoteza zaidi ya thamani hiyo, kwa sababu kebo mpya, mafundi, uchimbaji na siku ambazo wateja hawana simu huzidi sana bei ya kilo chache za kopa. Hospitali, shule na ofisi zilizokatiwa laini haziingii katika hesabu ya yeyote kwenye mnyororo huo. Huo ndio ubaya mkubwa wa wizi huu: faida yake ni ndogo na hasara yake inasambaa kwa watu ambao mwizi hatawaona kamwe.

Makampuni ya simu za mezani yalikutana na wimbi hilo yakiwa dhaifu. Kampuni ya Simu Tanzania, TTCL, ilitengwa na Posta mwaka 1994, na Telkom Kenya mwaka 1999, muda mfupi kabla ya simu za mkononi kuyanyang'anya wateja. Laini iliyoibwa mara mbili au tatu ilimfanya mteja anunue simu ya mkononi na asirudi tena, na laini isiyo na mteja haikuwa na mtu wa kupiga simu kuripoti kwamba imekatwa. Hivyo wizi ulizaa ukiwa, na ukiwa ukazaa wizi. Telkom Kenya na TTCL zote ziligeukia simu za mezani zisizo na waya za teknolojia ya CDMA, ambazo mteja aliziweka juu ya meza kama simu ya kawaida ingawa ziliongea kwa mawimbi. Kwa mtazamo wa ulinzi huo ulikuwa uamuzi uleule wa kutumia chuma badala ya shaba karne moja nyuma, yaani kuondoa kile kinachotamaniwa.

Pale shaba ilipobidi kubaki, mafundi waliongeza vizuizi. Mifuniko ya mashimo ilimwagiwa zege au kufungwa kwa bolti maalumu, kebo za juu zilihamishiwa ardhini, na mitambo iliwekewa vipimo vinavyotambua jozi nyingi zikikatika kwa wakati mmoja usiku. Katika kutuliza umeme wa radi ulitumika pia waya wa chuma uliovikwa shaba nyembamba, ambao mnunuzi wa vyuma chakavu hautaki kwa kuwa ni kazi kubwa kuvitenganisha. Vizuizi hivyo vilisaidia mahali vilipokuwapo. Vilishindwa kwa sababu mtandao ni mrefu na mwizi huchagua sehemu isiyo na kizuizi.

Kwa hiyo sheria zikaelekezwa hatua kwa hatua kwa mnunuzi. Tanzania ilikuwa na Sheria ya Uhujumu Uchumi ya mwaka 1984, inayomfikisha aharibuye mali ya umma mahakamani kwa makosa mazito, na Sheria ya Mawasiliano ya Kielektroniki na Posta ya 2010 ikaongeza makosa ya kuharibu mitambo ya mawasiliano. Kenya, baada ya kuongeza adhabu kwa waharibifu wa mitambo, ilipitisha Sheria ya Vyuma Chakavu ya 2015, iliyounda baraza la kutoa leseni na kumlazimu mfanyabiashara kuweka kumbukumbu za alichonunua na kwa nani. Hoja ya wazi iliyorudiwa na wengi ni kwamba Kenya haijawa na mgodi mkubwa wa shaba tangu ule wa Macalder, Migori, ulipofungwa katika miaka ya 1960, hivyo shaba inayotoka bandarini lazima iwe imetoka kwenye kitu kilichokuwa kikitumika.

Sheria hiyo ilitekelezwa kwa ulegevu hadi tarehe 11 Januari 2022, minara ya umeme mkubwa ilipoanguka Nairobi na nchi karibu nzima ikaingia gizani. Vyuma vya minara hiyo vilidaiwa kukatwa. Tarehe 20 Januari Rais Uhuru Kenyatta alisimamisha biashara yote ya vyuma chakavu, ndani na nje. Zuio hilo lilikuwa na nguvu kwa sababu liligusa mizani yenyewe. Lilikuwa pia na uchungu, kwa kuwa liliwaangukia mafundi wa jua kali na waokota taka ambao chuma chao kilikuwa halali. Miezi michache baadaye biashara ya ndani ilifunguliwa kwa masharti mapya ya leseni. Kati ya hatua zote za enzi hii, ni hii iliyoonyesha wazi zaidi kwamba mlango wa wizi ni soko, na kwamba mlango huo ukifungwa kwa pupa hubana pia vidole vya wasio na hatia.

Minara ya umeme inahusu mawasiliano pia, kwa sababu baadhi ya nyuzi za mtandao mpya hupita juu yake. Kebo za bahari za SEACOM na TEAMS zilifika mwaka 2009, EASSy mwaka 2010, na nchi kavu zikajengwa mikongo ya nyuzi za kioo. Mkongo wa Taifa wa Mawasiliano wa Tanzania, unaoendeshwa na TTCL, ulifikia zaidi ya kilomita 7,000, na sehemu yake imo ndani ya waya wa kinga ulio juu ya nguzo za umeme mkubwa. Nyuzi za kioo hazina shaba na haziuziki kwa mizani. Hata hivyo ziliibwa na kukatwa, hasa miaka ya mwanzo, na watu waliodhani wamefukua kopa. Kosa hilo halikuwa la Afrika Mashariki peke yake: mwaka 2007 wavuvi wa Vietnam walikata kilomita nyingi za kebo ya bahari inayofanya kazi wakiitafuta shaba yake. Makampuni yaliyajibu haya kwa kuchimba mitaro yenye kina zaidi na kuweka nguzo ndogo za alama zinazotaja kilichomo ardhini. Yaliajiri pia wakazi wa njiani kama walinzi, na wizi wa kudhania ukapungua kadiri wanunuzi walivyozikataa nyuzi hizo. Siku hizi adui mkubwa wa mkongo ni buldoza la mjenzi wa barabara na nanga ya meli, kama ile iliyokata TEAMS karibu na Mombasa mwezi Februari 2012.

Wizi wenyewe ulihamia kwenye minara ya simu za mkononi. Huko kuna betri za risasi, dizeli ya jenereta, paneli za jua na nyaya nene za umeme na za kutuliza radi, vyote vikiwa porini na mlinzi mmoja au bila mlinzi. Betri ndiyo iliyopendwa zaidi, maana huuzwa nzima kwa mwenye sola nyumbani au kuyeyushwa kwa ajili ya risasi. Mnara usio na betri huzimika umeme unapokatika, na tangu M-Pesa ilipoanza Kenya mwaka 2007 na Tanzania mwaka 2008, kuzimika kwa mnara ni kufungwa kwa wakala wa fedha wa kijiji kizima. Wenye minara walijenga vizimba vya zege kuzunguka betri, wakaweka ving'ora vinavyotuma taarifa mlango unapofunguliwa, na polepole wakahamia betri za lithiamu zenye kufuli ya kielektroniki inayozifanya zisifanye kazi nje ya mtambo wake. Mahali pengine walinzi huajiriwa kutoka vijiji vinavyopakana na mnara, na vijiji hivyo hupata umeme au maji kutoka kituo hicho. Nje ya minara, reli mpya ya umeme ya Tanzania, iliyoanza kubeba abiria kati ya Dar es Salaam na Morogoro mwaka 2024, nayo imekumbwa na wizi wa nyaya zake. TTCL kwa upande wake inaendelea kubadilisha laini za shaba mitaani kwa nyuzi za kioo hadi mlangoni mwa mteja.